Mikutano ya mtandaoni: Mwenye mali ashike daftari lake

SOKO la programu za mikutano limetulia. Zimepita zile siku za mwaka 2020 ambapo kila ofisi ilikimbilia kununua leseni bila kuuliza bei. Desemba 2019 Zoom ilikuwa ikipokea washiriki wapatao milioni 10 kwa siku, na kufikia Aprili 2020 walikuwa wamefika milioni 300. Hisa za kampuni hiyo, zilizoingia katika soko la Nasdaq la Marekani Aprili 2019, zilivuka dola 500 kwa hisa moja Oktoba 2020, kisha zikaporomoka hadi chini ya dola 100 mwaka 2022. Aliyeuza mapema alicheka, aliyenunua kileleni alilia. Ndiyo ada ya soko.

Hata hivyo, kutulia kwa bei hakuna maana kwamba programu hizo zimeondoka. Zimebaki katika ofisi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, zimebaki katika vyama vya akiba na mikopo, na zimebaki katika bodi za kampuni ambazo wajumbe wake wako miji tofauti. Kilichobaki nyuma ni kazi inayofuata baada ya mkutano kufungwa.

Mwenyekiti akishaaga, karani hufungua ripoti ya mahudhurio na kunakili majina moja moja kwenye Excel. Hulinganisha majina hayo na daftari la wanachama, hujumlisha kura kwa kikokotoo, huandika muhtasari, kisha huutuma kwa wajumbe kupitia WhatsApp. Siku mbili zimekwisha. Kampuni imelipa dola kununua mashine, halafu inalipa shilingi kumwajiri mtu wa kuifanyia mashine kazi yake.

Hapo ndipo penye biashara mpya, na hapo hapo ndipo penye hatari ambayo wakurugenzi wengi hawajaiona.

Bidhaa inayouzwa sasa

Bidhaa inayotafutwa sasa ni kiungo, yaani namna ya kuifanya programu ya mkutano izungumze na daftari la kampuni bila karani kusimama katikati.

Kazi hiyo hufanyika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mlango wa maombi, ambao mafundi huuita API. Programu ndogo iliyoandikwa na fundi wa kampuni hubisha hodi kwenye programu ya mkutano na kuuliza nani walihudhuria, waliingia saa ngapi na walipiga kura gani. Njia ya pili ni tarishi, ambaye mafundi humwita webuhuku. Huyu hangoji kuulizwa. Mkutano ukianza, mtu akiingia, mtu akitoka au kurekodi kukikamilika, programu ya mkutano yenyewe hutuma ujumbe kwenye seva ya kampuni papo hapo.

Asiye na fundi anaweza kukodi dalali. Zapier, iliyoanzishwa mwaka 2011, na wengine wa aina yake huunganisha programu moja na nyingine bila mteja kuandika msimbo wowote. Ni huduma nzuri kwa kuanzia. Lakini dalali hutoza kwa idadi ya kazi, na kila hatua inayofanyika huhesabiwa. Mkutano wa watu 15 hautamuumiza mtu. Mkutano wa wanachama 600, kila mmoja akiingia, akitoka na kupiga kura mara tano, ni hesabu nyingine kabisa.

Kwa hiyo kampuni zinazokua hujikuta zikirudi kwenye msimbo wa kwao wenyewe. Na si bei tu inayozirudisha huko.

Kura moja, hisa ngapi?

Programu hizi zilibuniwa kwa ajili ya mikutano ya kazi, madarasa na makongamano. Zoom ilianzishwa California mwaka 2011 na Eric Yuan. Slido ilizaliwa Bratislava mwaka 2012, na baadaye ikanunuliwa na Cisco, wenye programu ya Webex. Mentimeter ni ya Stockholm. Zote zinajua kuuliza swali na kuonyesha majibu kwa michoro ya kupendeza. Hakuna hata moja inayojua daftari la wanahisa wa kampuni ya Kariakoo.

Jambo hilo lina uzito mkubwa katika mkutano mkuu wa mwaka. Katika chama cha ushirika, kila mwanachama ana kura moja, awe na akiba kubwa au ndogo. Katika kampuni ya hisa, kura za karatasi huhesabiwa kwa hisa: mwenye hisa 10 ana kura 10, mwenye hisa 10,000 ana kura 10,000. Kura za maoni ndani ya programu ya mkutano humhesabu kila aliyebonyeza kuwa mmoja. Watu 70 wakisema ndiyo na 30 wakisema hapana, kioo kitaonyesha asilimia 70. Lakini ikiwa wale 30 ndio wenye hisa nyingi, azimio limeanguka, ingawa ukumbi mzima umeona kwa macho kwamba limepita.

Mwenyekiti anayetangaza matokeo kwa kutazama mchoro huo anajitafutia kesi. Linalohitajika ni msimbo unaochukua kura ya kila mtu, unaitafuta namba yake katika daftari la wanahisa, unazidisha kwa hisa zake, unaongeza kura za wale waliomteua kuwa wakala wao, kisha ndiyo unatoa jumla. Kazi hiyo dalali wa ng'ambo hataifanya. Ni kazi ya mwenye daftari.

Jambo moja dogo huharibu yote hayo: kura ikiwekwa kuwa ya siri kabisa ndani ya programu, majina hayatoki. Msimbo hauna la kuzidisha. Uamuzi huo hufanywa kwa kubonyeza alama moja kabla ya mkutano, na mara nyingi anayebonyeza ni kijana wa mitambo ambaye hakuna aliyemweleza maana yake.

Akidi hewa

Nchi hizi zinawajua vizuri wafanyakazi hewa. Sasa kuna akidi hewa.

Mwanachama aliyeko Singida anaingia mkutanoni kwa simu. Mtandao unakatika, anaingia tena. Chaji inaisha, anachomeka, anaingia mara ya tatu. Katika ripoti ya mahudhurio anaonekana mara tatu, kwa sababu kila kuingia huandikwa mstari wake. Msimbo uliotungwa kwa haraka, ambao unahesabu mistari badala ya watu, utamfanya mtu mmoja kuwa watatu. Wakiwepo 50 wa namna hiyo, akidi imetimia hewani na maazimio yamepitishwa na watu ambao hawapo.

Tarishi naye ana tabia yake. Zoom hutaka seva ya kampuni ijibu ndani ya sekunde 3. Isipojibu, ujumbe huhesabiwa kuwa haukufika na hutumwa tena. Pengine seva iliupokea mara ya kwanza, ila ilichelewa tu kusema ahsante. Kwa hiyo ujumbe ule ule unafika mara mbili. Fundi mzoefu hutunza namba ya kila tukio na kukataa lililokwisha kuandikwa. Fundi asiye mzoefu hujumlisha yote.

Upande wa pili kuna upungufu. Mume na mke wanakaa mbele ya simu moja, wote wawili wanachama. Akina mama wanane wa kikundi wanakusanyika kwenye kompyuta ya katibu. Mashine inaona dirisha moja na inahesabu mtu mmoja. Tena kuna wale ambao jina lao kwenye kioo si Asha wala Juma, bali ni jina la simu yenyewe, kama walivyoikuta dukani. Msimbo gani utamjua mwanachama anayeitwa Galaxy?

Dawa ipo, na si ghali. Wanachama waandikishwe kabla ya mkutano kwa namba zao za uanachama, na kila mmoja atumiwe kiungo chake peke yake cha kuingilia. Zoom inaruhusu jambo hilo kwa wateja wanaolipa, na msimbo unaweza kuwaandikisha wanachama 600 kwa dakika chache kutoka kwenye daftari. Hapo mtu akiingia mara tatu, namba ni ile ile moja. Kwa wale wanaokaa pamoja, karani aite majina kwa mdomo na kuandika, kama ilivyokuwa siku zote. Mashine haimzuii mtu kuita majina.

Kenya ilipita njia hii mapema. Aprili 2020 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa ombi la Soko la Hisa la Nairobi, ilifungua njia kwa kampuni zilizoorodheshwa kufanya mikutano mikuu kwa mtandao. Somo lililopatikana huko ni kwamba mwanahisa wa kawaida hana kompyuta. Ana simu. Ndiyo maana kampuni zilitumia namba za USSD kuandikisha wanahisa na kupokea kura, na video ikabaki kuwa ya kutazama. Daftari lilitangulia, picha ikafuata.

Milango hufungwa

Lipo jambo la pili ambalo mkurugenzi anapaswa kulijua kabla ya kutia saini. Anayejenga juu ya mlango wa mtu mwingine hujenga kwenye kiwanja cha kupanga. Mwenye nyumba akibadilisha kufuli, mpangaji analala nje.

Mwaka 2023 Zoom ilifunga aina ya ufunguo iliyoitwa JWT, ambayo mafundi wengi duniani walikuwa wameitumia kuunganishia mifumo yao. Taarifa ilitolewa mapema na njia mpya ya OAuth iliwekwa, yenye ufunguo unaoisha baada ya saa moja na kuombwa upya. Kampuni zilizokuwa na fundi ziliandika upya mistari michache na maisha yakaendelea. Zile ambazo fundi wao alikwisha kuondoka ziliamka siku moja zikakuta kiungo kimekufa.

Julai 2024 Microsoft nayo ilitangaza kuviondoa viunganishi vya zamani vya Teams, na mwanzoni ilitoa muda wa miezi michache tu. Wateja walipiga kelele, tarehe ikasogezwa mbele. Lakini ilisogezwa tu, haikufutwa. Na Skype, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, ilizimwa Mei 2025. Ikiwa mali ya bilioni 8.5 inaweza kuzimwa, hakuna sababu ya mtu wa Arusha kuamini kwamba programu anayoitumia leo itakuwapo milele.

Wapo wanaosema kuwa hiyo ndiyo sababu ya kutojihusisha kabisa na viungo, na kwamba kalamu na karatasi havina mwenye nyumba. Kwa kikundi cha watu 15 maneno hayo ni ya kweli tupu. Kikundi hicho kikinunua mfumo, kimenunua fahari. Lakini kwa chama chenye mamia ya wanachama katika mikoa mitano, kurudi kwenye karatasi ni kuwafungia nje wale wasio na nauli. Mwanachama wa Singida aliyeingia mara tatu kwa simu inayokata ni mwanachama ambaye zamani hakuwa akihudhuria kabisa. Huyo ndiye faida ya kweli ya biashara hii nzima, na hafai kutupwa kwa sababu ya hesabu mbaya.

Kijana mmoja, ufunguo mmoja

Hatari kubwa zaidi haiko California wala Stockholm. Iko ofisini.

Katika kampuni nyingi za kati, msimbo wa kuunganisha huandikwa na kijana mmoja mwenye kipaji, mara nyingi akiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo au kibarua. Anaandika usiku, anaweka kwenye kompyuta yake au kwenye akaunti yake binafsi ya Google, na unafanya kazi. Wakubwa wanafurahi. Hakuna anayeuliza ufunguo umehifadhiwa wapi. Kijana akipata kazi nzuri zaidi, anaondoka nao, si kwa wizi, bali kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa ni mali ya kampuni.

Kuna mambo mengine ambayo huyo kijana anayajua na mkurugenzi hayajui. Msimbo unaokaa katika Google Apps Script, kwa mfano, hukatwa baada ya dakika 6 kwa kila safari. Siku ya majaribio, kwa wanachama 40, dakika 6 ni nyingi. Siku ya mkutano mkuu, kwa wanachama 600, msimbo ukisomwa mstari kwa mstari unaweza kukatwa katikati ya hesabu, na nusu ya kura ikabaki nje bila kengele yoyote kulia. Jumla inatoka, inaonekana nzuri, na si ya kweli.

Jingine ni sahihi ya tarishi. Anwani ya seva inayopokea ujumbe iko wazi katika intaneti, na yeyote anayeijua anaweza kutuma ujumbe wa uongo kwamba fulani amehudhuria. Zoom huweka sahihi ya siri katika kila ujumbe ili mpokeaji aikague. Kuikagua ni mistari michache ya msimbo. Kutoikagua ni sawa na benki kupokea hundi bila kutazama sahihi ya mteja.

Kampuni inayojali mali yake itafanya mambo manne. Akaunti zote ziwe kwa jina la kampuni, si la mtu. Msimbo uhifadhiwe mahali ambapo watu wawili angalau wanaweza kuufikia, pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili au Kiingereza yanayosema unafanya nini. Ujumbe wote wa tarishi uandikwe kama ulivyokuja kabla haujachambuliwa, ili hesabu iweze kurudiwa. Na kabla ya kila mkutano mkuu, ufanyike mkutano wa majaribio ambamo watu kumi wanaingia na kutoka kwa makusudi, wanapiga kura, na matokeo yanalinganishwa na yale yaliyohesabiwa kwa mkono.

Hayo manne hayahitaji mtaalamu kutoka nje. Yanahitaji katibu wa kampuni anayeijua kazi yake na aliye tayari kumuuliza kijana maswali bila kuona haya.

Sheria inaangalia

Zipo pia sheria. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019. Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022, na ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Orodha ya wanachama yenye majina, namba za simu na idadi ya hisa ni taarifa binafsi. Kadhalika sura na sauti iliyorekodiwa. Kampuni inapopitisha orodha hiyo kwa dalali wa ng'ambo, kisha kwa seva nyingine, kisha kwenye jedwali ambalo kila mwenye kiungo anaweza kulifungua, inapaswa kujua imeipeleka wapi na kwa ruhusa gani.

Hapa msimbo wa kwetu una faida nyingine. Kiungo kilichoandikwa vizuri huchukua kile tu kinachohitajika, yaani namba ya mwanachama, saa aliyoingia na kura yake, na kuacha mengine. Huduma iliyo tayari huchukua kila kitu, kwa kuwa haijui mteja anahitaji nini.

Hesabu ya mwisho

Kwa upande wa bei, mnunuzi makini aweke vitu vitatu kwenye mizani: leseni ya mwaka kwa dola, ambayo hupanda kila shilingi inaposhuka, ada ya dalali kwa kila kazi, au mshahara wa fundi, na siku za karani zinazookolewa. Anayehesabu leseni peke yake ataona ni rahisi. Anayesahau matengenezo ya msimbo atashangaa mwaka wa pili. Matengenezo hayo ni gharama ya kudumu kama mafuta ya gari, na yapangiwe bajeti.

Lakini kilicho mezani si siku mbili za karani. Ni gawio, ni uchaguzi wa wakurugenzi, ni mkopo ulioidhinishwa au kukataliwa kwa jina la watu waliodhaniwa kuwapo. Mwanachama akipoteza imani kwamba kura yake ilihesabiwa, hatauliza ni programu gani iliyokosea. Atachukua akiba yake na kwenda kwingine, na hakuna msimbo wa kumrudisha.

Mashine ipewe kazi ya kubeba na kujumlisha, kwani kwa hilo haina mpinzani. Kazi ya kujua nani ni nani, na nani ana haki gani, ibaki kwa mwenye daftari. Wafanyabiashara wa zamani walilisema mapema, kabla ya kompyuta ya kwanza kufika bandarini: mali bila daftari hupotea bila habari.